Mapenzi Ndani ya Hadithi Zisizo za Mapenzi

Hadithi ya wizi wa benki inaweza kuanza na kuisha bila mtu yeyote kumpenda mwingine. Vivyo hivyo hadithi ya ujasusi, ya vita, ya kazi ya mjengo au ya wavamizi kutoka anga za mbali. Msomaji aliyenunua kitabu cha namna hiyo amelipia taharuki, hakulipia posa. Hata hivyo, katika riwaya za uhalifu na za maisha ya jiji zilizoandikwa Nairobi kwa zaidi ya nusu karne, ni chache mno zisizo na mwanamke anayesubiriwa, chumba cha kupanga kinacholaliwa na wawili, au usiku mmoja unaogeuza mambo yote. Kama mapenzi na ngono vina nafasi humo ni swali lililowashughulisha wahariri, walimu, viongozi wa dini na bodi ya filamu, na sasa linawafikia vijana wanaotengeneza michezo ya video. Mara nyingi limejibiwa vibaya, kwa sababu wanaolijibu huhesabu nguo zilizovuliwa badala ya kutazama hadithi ilielekea wapi baada ya hapo.

Kuna mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa mapema. Mapenzi ni uhusiano. Yanaweza kujaza kitabu kizima bila watu kugusana. Ngono ni tendo. Inaweza kutokea ukurasa wa kumi na isiwe na mapenzi hata chembe. Riwaya ya mapenzi hutambulika kwa swali lake kuu: je, wawili hawa watapatana? Riwaya ya uhalifu huuliza nani aliua, au mwizi atakamatwa lini. Mapenzi yakiingia katika riwaya ya pili, huingia kama mgeni katika swali la mwenzake, na hapo ndipo ubora wa mwandishi unapojulikana. Ama yatakuwa sababu ya jambo fulani kutokea, ama yatakuwa pambo.

Fasihi ya Kiswahili inalijua hilo tangu kale. Katika utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, mada ni shujaa asiyeshindika na mtawala wa Pate anayemwogopa. Si kisa cha mapenzi hata kidogo. Lakini ndoa ndiyo inayosukuma mambo katika sehemu mbili muhimu. Liyongo anaozwa kwa Wagala kwa sababu wanataka uzao wa mtu shujaa kama yeye, na huko ndiko mwanawe anakozaliwa. Baadaye mwana huyo huyo anaahidiwa cheo na binti wa mfalme iwapo atamuua baba yake, naye anamchoma sindano ya shaba kitovuni. Ondoa tamaa ya ndoa na msaliti anabaki hana sababu ya kusaliti. Mtunzi hasemi neno juu ya yaliyotendeka chumbani, wala msikilizaji hahisi kuwa amenyimwa kitu.

Huko ng'ambo, waandishi wa riwaya za upelelezi waliwahi kujaribu kuyafukuza mapenzi kabisa. Mwaka 1928 Mmarekani S. S. Van Dine alichapisha kanuni 20 za uandishi wa hadithi hizo, na ya tatu ilikataza mapenzi moja kwa moja: kazi ya kitabu ni kumfikisha mhalifu mahakamani, si kuwafikisha wachumba madhabahuni. Mwaka huo huo Mwingereza Dorothy L. Sayers naye alilalamika kwamba mapenzi huikwamisha hadithi ya upelelezi. Haikupita miaka mingi kabla hajambadilisha mpelelezi wake mwenyewe. Katika Strong Poison ya mwaka 1930, Lord Peter Wimsey anampenda Harriet Vane, mwanamke aliye kizimbani kwa tuhuma za kumwua mpenzi wake kwa sumu. Penzi hilo halisimamishi upelelezi. Linauharakisha, kwa sababu mpelelezi akishindwa, anayempenda atanyongwa.

Katika Kiswahili, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alifuata njia ya kwanza. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapwa mwaka 1960 na East African Literature Bureau, shirika lililokuwa na makao yake Nairobi, ilimleta Bwana Msa na kiko chake, mtu wa akili asiyebabaishwa na mwanamke. Mapenzi ya watu wengine humhusu kama ushahidi tu. Elvis Musiba alikwenda upande wa pili. Willy Gamba wa Kufa na Kupona ya mwaka 1974 ni jasusi wa mtindo wa James Bond, na wasichana warembo humzunguka kama magari na bastola zake. Vitabu vyote viwili vilipendwa. Tofauti ni kwamba tamaa katika visa vya Bwana Msa hueleza kwa nini mtu alitenda alichotenda, na kwa Willy Gamba urembo wa wanawake mara nyingi hueleza tu kwamba Willy Gamba ni mwanamume wa kutamaniwa.

Nairobi yenyewe iliingia katika mjadala huu kwa kishindo mapema miaka ya 1970. Mwaka 1971 East African Publishing House ilitoa Son of Woman ya Charles Mangua, kisa cha Dodge Kiunyu, msomi aliyezaliwa na kahaba na ambaye hamwonei haya mtu yeyote, hata msomaji. David Maillu naye alianzisha kampuni yake, Comb Books, akaanza kutoa vijitabu vya bei nafuu kwa watu ambao wachapishaji wakubwa hawakuwaona kama wasomaji: makarani, madereva, makatibu muhtasi, wahudumu wa baa. Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle vilitoka mwaka 1973, After 4.30 mwaka uliofuata. Jina la hicho cha mwisho ni saa ya kufunga ofisi, ambapo mabosi na wapiga taipu walitoka pamoja na mji ukabadilika. Mwaka 1976 Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vya Maillu, na kwa wahakiki wengi wa wakati huo jina lake likawa sawa na uchafu.

Wahakiki hao walikuwa sahihi nusu. Zipo kurasa za Maillu ambazo ngono inarudiwa kwa sababu ilikuwa inauza. Lakini After 4.30 si kitabu cha ashiki. Ni malalamiko ya wanawake wa ofisini dhidi ya mabosi wanaogeuza ajira kuwa kitanda, yaliyoandikwa miongo kadhaa kabla ya Kenya kuwa na sheria ya kumlinda mfanyakazi dhidi ya unyanyasaji wa namna hiyo. Ukiiondoa ngono, malalamiko yenyewe yanaondoka. Ni vigumu kuona ni vipi mwandishi angelisema jambo hilo huku akiufunga mlango wa ofisi.

Kitabu kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi mapenzi yanavyoweza kubeba riwaya isiyo ya mapenzi ni Going Down River Road ya Meja Mwangi, iliyotoka mwaka 1976. Mada yake ni kazi na umaskini. Ben, aliyefukuzwa jeshini, anafanya kibarua kwenye jengo refu liitwalo Development House, linaloinuka ghorofa baada ya ghorofa huku wanaolijenga wakilala kwenye vibanda. Riwaya inaanza na uhusiano. Ben anaishi na Wini, mwanamke mwenye mtoto mdogo anayeitwa Baby, na ni Wini aliye na nyumba na kazi ya ofisini. Kisha Wini anaondoka na bosi wake. Hasemi kwaheri, na anamwacha mtoto nyuma. Ben, ambaye hakumzaa Baby, anabaki na mtoto wa mwanamke aliyemwacha, kodi isiyolipwa na mwenye nyumba mlangoni.

Mengi yanayofuata yanaanzia hapo. Ben anahamia kibanda cha Ocholla, mwenzake wa mjengoni, kibanda ambacho kanjo, askari wa baraza la jiji, wanakichoma na wenyewe wanakijenga upya. Baadaye wake wa Ocholla wanafika kutoka mashambani na watoto wao, na nafasi ya kulala inakuwa suala la urafiki kufa au kupona. Mwandishi haandiki kwamba mshahara wa kibarua hautoshi kulea familia. Anamwonyesha mtu mmoja akijaribu kumlea mtoto asiye wake kwa mshahara huo. Kama kisa cha Wini kingekatwa kwa hoja kwamba riwaya ya wafanyakazi haihitaji mapenzi, msomaji angebaki na jengo, pombe na matusi. Onyesho la ngono katika kurasa za mwanzo, ambalo kwa wengine ni la kuruka, ndilo linalompa msomaji kipimo cha kile ambacho Ben anakuja kukipoteza: joto, godoro na mtu anayemwita kwa jina.

John Kiriamiti alifanya jambo ambalo waandishi wachache wamelijaribu. Alifungwa Januari 1971 kwa wizi wa mabavu na akatoka gerezani mwaka 1984, mwaka ule ule My Life in Crime ilipotoka. Ni kitabu cha wizi wa benki, silaha na kukimbizana, na vijana wengi wa Kenya wanakitaja kama kitabu cha kwanza walichosoma bila kulazimishwa na mwalimu. Milly, mpenzi wa mhusika mkuu, yumo pembeni kama mwanamke wa jambazi anavyokuwa pembeni katika maelfu ya hadithi. Mwaka 1989 Kiriamiti akatoa My Life with a Criminal: Milly's Story, akampa Milly sauti ya kusimulia. Uhalifu ule ule unaonekana sasa kutoka ndani ya nyumba ambamo mwanamume anaingia usiku na pesa asizozieleza. Kitabu cha pili kinakosoa cha kwanza bila kusema kinakosoa. Kinaonyesha kwamba mpenzi aliyewekwa kama pambo alikuwa na hadithi nzima ambayo mwandishi hakuwa ameiuliza.

Maillu mwenyewe aliwahi kuuandika upande wa pambo. The Equatorial Assignment, iliyotoka mwaka 1980 katika mfululizo wa Pacesetters wa kampuni ya Macmillan, ni kisa cha Benni Kamba, jasusi 009. Mfululizo huo ulilenga vijana, na lugha ya Comb Books haikuwa na nafasi humo. Mwandishi aliyeshutumiwa kwa kuandika ngono kupita kiasi alipopunguza ngono, kilichobaki ni jasusi na mrembo wa hatari, kwa desturi za jasusi na mrembo wa hatari. Kitabu kinasomeka vizuri na hakimkwazi mzazi. Pia hakimwambii msomaji lolote kuhusu wanawake wa Nairobi, jambo ambalo After 4.30, pamoja na ukali wake wote, kilifanya.

Vitabu vya Mangua, Maillu, Mwangi na Kiriamiti vilivyotajwa hapa viliandikwa kwa Kiingereza. Si kwamba Kiswahili kinaogopa mwili. Lugha yenye taarab, majina ya kanga na mafumbo ya kungwi haiwezi kushtakiwa hivyo. Sababu ni soko. Wachapishaji wa Kenya wanaishi kwa vitabu vya shule. Mswada wa Kiswahili unapofika kwa mhariri, swali la kama Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliyo Desai Road itauidhinisha halikosi kuwa mezani. Riwaya ya uhalifu ya Kiswahili iliyoandikwa kwa ajili ya watu wazima, isiyotarajia kuingia darasani, ni bidhaa adimu katika maduka makubwa ya vitabu, iwe Text Book Centre ya Kijabe Street au ile ya Sarit.

Hata hivyo darasa lenyewe limekuwa na uvumilivu kuliko linavyodhaniwa. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, ilisomwa kama kitabu cha kutahiniwa katika shule za upili za Kenya ingawa Maimuna, binti wa Maksuudi, anaishia katika danguro la Mama Jeni. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapwa na East African Literature Bureau mwaka 1971, ilipigwa marufuku kwanza katika shule za Tanzania na baadaye ikatambuliwa kuwa miongoni mwa riwaya kuu za lugha hii. Katika vyote viwili ngono inatokana na jambo na inaleta jambo: baba anayemfungia binti ndani, baba anayempiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana, na yanayofuata. Mwalimu anaweza kusimama mbele ya wanafunzi arobaini na kuuliza kwa nini ilitokea. Swali hilo halina jibu katika riwaya ambayo mpelelezi analala na shahidi kisha asubuhi upelelezi unaendelea pale pale ulipoachwa.

Kwenye skrini mambo yanasimamiwa na sheria. Bodi ya Uainishaji wa Filamu, yenye ofisi Uchumi House, Aga Khan Walk, hufanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Kanuni za utangazaji nazo hutenga saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku kuwa muda wa familia, ambapo maudhui ya watu wazima hayaruhusiwi. Kanuni hii inaeleweka kwa yeyote anayejua sebule ya Nairobi: televisheni moja, babu, wazazi na watoto wakisubiri habari, na ukimya unaoingia pale busu linapotokea bila taarifa. Aibu hiyo haitokani na ushamba. Ni adabu ya watu wanaoishi pamoja katika chumba kimoja, na mwandishi wa tamthilia ya saa moja usiku anapaswa kuijua.

Tatizo ni kwamba kanuni za saa na umri hupima kinachoonekana tu. Januari 2014 bodi ilipiga marufuku The Wolf of Wall Street, filamu kuhusu ulaghai wa soko la hisa ambamo ngono na dawa za kulevya ni sehemu ya kuonyesha ulafi ulivyo. Februari 2015 ikapiga marufuku Fifty Shades of Grey, ambamo ngono ndiyo hadithi yenyewe. Mwaka 2016 ikashinikiza busu liondolewe kwenye tangazo la Coca-Cola, ambalo halikuwa na hadithi kabisa. Ni kazi tatu zisizofanana hata kidogo. Bodi ina wajibu wa kuwalinda watoto na inastahili kuungwa mkono katika wajibu huo. Lakini mtu mzima aliyetaka kutazama filamu ya ulaghai wa fedha alihitaji kuambiwa umri unaofaa tu.

Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ya mwaka 2012, inatoa mfano wa karibu wa kiasi. Mwas anatoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji, anaporwa siku ya kwanza mjini, anaangukia mikononi mwa genge la Oti. Amina, mwanamke anayeuza mwili na aliye wa Oti, anamvutia. Filamu haitoi muda mrefu kwa penzi hilo, wala haihitaji. Linatosha kumfanya Mwas kuwa na kitu cha kupoteza ndani ya genge, na kumfanya Oti kuwa na sababu ya kumtazama kwa jicho jingine. Ukilitoa, mvutano kati ya wanaume hao wawili unabaki wa pesa peke yake, na pesa hugawanyika, Amina hagawanyiki.

Michezo ya video inaleta ugumu ambao kitabu hakina. Msomaji hushuhudia mhusika akipenda, lakini mchezaji ndiye anayependa, kwa kubonyeza. Na kwa kuwa kila mchezo unajengwa juu ya kitendo na malipo yake, mapenzi huwa hatarini kugeuzwa ununuzi. Stardew Valley, mchezo wa kilimo uliotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, mwaka 2016, unaonyesha mtambo huo waziwazi. Mchezaji hulima, huvuna, na humpa mwanakijiji anayempenda zawadi, si zaidi ya mbili kwa wiki. Kila zawadi nzuri hujaza mioyo iliyochorwa kwenye orodha. Ikifika minane, anaweza kutoa shada la maua. Ikifika kumi, anaweza kuposa. Mchezo una upole na umependwa kwa haki, tena asiyetaka kuoa analima hadi mwisho bila kuadhibiwa. Lakini binadamu anayejazwa kwa zawadi hadi akubali ni somo baya la mapenzi, hasa kwa kijana wa miaka kumi na minne.

Pale zawadi inapokuwa ngono, kasoro hiyo inazidi. Mwaka 2005 Grand Theft Auto: San Andreas, mchezo wa magenge na magari, uligunduliwa kuwa na sehemu ya ngono iliyofichwa ndani ya programu, nayo ikafunguliwa na wachezaji stadi wa kompyuta. Bodi ya viwango ya Marekani iliupandisha mchezo hadi daraja la watu wazima tu, na watengenezaji wakalazimika kuiondoa. Kelele zote zilikuwa juu ya uchi. Ni wachache waliosema jambo lililo wazi zaidi: sehemu hiyo haikuongeza chochote kwa kisa cha mhusika mkuu, CJ, aliyerudi nyumbani kumzika mama yake na kukuta ndugu na marafiki wamegawanyika. Mchezo wenye hadithi ya familia yenye nguvu kiasi hicho haukuwa na haja nayo, na watengenezaji walikuwa wameshaifungia kabla ya kuuza.

Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, mchezo wa safari na vita, imekwenda mbele. Wahusika wanaosafiri na mchezaji wana historia, majeraha na masharti yao. Wanaweza kumkataa mchezaji, kumwacha, au kubadilisha uamuzi wao kutokana na alichokitenda vitani. Tena mchezaji anaweza kuzima uchi kwenye mipangilio na hadithi ikabaki nzima. Kinachobaki baada ya kuzima ndicho kipimo kizuri cha kama mapenzi yalikuwa na kazi.

Nairobi bado haina mchezo wa aina hiyo wa kwake. Nairobi X wa Andrew Kaggia, uliotoka mwaka 2015, ni wa kupiga risasi wavamizi wa anga za mbali na hauna mapenzi, nao ulifanya uamuzi sahihi kwa ukubwa wake. Mapenzi katika mchezo yanagharimu fedha: mazungumzo ya kuandika, sauti za kurekodi, nyuso za kuchora zikicheka na kununa, na njia nyingi ambazo mchezaji mmoja hatazipita zote. Kikundi kidogo cha watengenezaji kikiwa na pesa chache kinafanya vyema kuzitumia kwenye kitu kimoja kikakamilika.

Hata namna ya kucheza jijini ina uzito wake. Katika vyumba vya gemu vya Kawangware na Kangemi, PlayStation hulipiwa kwa mechi au kwa dakika, watu wawili wameshika padi na wengine wamesimama nyuma yao wakisubiri zamu. Mpira unatawala kwa sababu mechi ina mwanzo na mwisho. Penzi linalohitaji saa thelathini za mchezaji mmoja haliwezi kukua mahali ambapo aliye nyuma ameshalipa na anataka padi. Linakua Kileleshwa au Lavington, katika chumba cha kulala chenye intaneti ya nyumbani na mlango unaofungwa, na huko ndiko mzazi hajui kinachochezwa. Alama ya umri iliyochapwa kwenye kasha la mchezo haifiki kokote kati ya sehemu hizo mbili: kwenye chumba cha gemu mtoto hulikuta gemu limeshawekwa ndani ya mashine, na nyumbani mchezo unapakuliwa bila kasha.